Daraja liulizwe kwanza: namna barabara zinavyoandaliwa kupitisha mizigo mikubwa ya viwandani

Mleta mada:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kukagua njia za kupitishia mizigo mikubwa, na jambo moja limenisumbua tangu siku ya kwanza: swali la daraja huulizwa mwisho. Kiwanda kimeshachorwa, transfoma imeshaagizwa, meli imeshakodiwa, ndipo mtu anakumbuka kwamba kati ya gati na eneo la ujenzi kuna mto, na juu ya mto huo kuna daraja lililojengwa kwa ajili ya malori ya kawaida. Hapo ndipo mkaguzi anaitwa na kuambiwa atafute namna, kana kwamba zege na chuma ni vitu vya kubembelezwa. Ninaandika uzi huu kueleza namna njia inavyoandaliwa, na kwa nini ninaamini kwamba ingefaa ichunguzwe kabla mtambo haujapewa vipimo vyake vya mwisho.

Mzigo ninaouzungumzia ni ule usioweza kugawanywa bila kuuharibu. Transfoma kubwa ya umeme, hata baada ya kutolewa mafuta na kuvuliwa viungo vyake vya nje, huweza kubaki na tani 200, na nyingine hupita tani 300. Minara ya kutenganishia kemikali, matangi ya mgandamizo, jenereta na mitambo ya kusagia mawe iko katika kundi hilohilo. Bawa la mtambo wa upepo, kwa upande mwingine, si zito sana, lakini siku hizi huwa na urefu wa mita 60, 70 au 80, na kulipitisha kwenye kona ya mji ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo uzito ni tatizo moja na ukubwa ni tatizo jingine, na mtu akiyachanganya ataimarisha daraja ambalo halikuhitaji kuimarishwa na kuisahau nguzo ya taa itakayousimamisha msafara wote.

Nianze na uzito, kwa kuwa ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Watu wengi hudhani kwamba mzigo wa tani 300 lazima uivunjevunje lami. Kati ya mwaka 1958 na 1960 lilifanyika jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois, Marekani, ambapo malori yalizungushwa mfululizo juu ya vipande vya barabara vilivyojengwa kwa unene tofauti. Kutokana na jaribio hilo wahandisi walipata kanuni ambayo hutumika hadi leo: uharibifu wa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani ule mhimili unaoshika magurudumu ya kushoto na kulia. Ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, uharibifu haupandi mara mbili, bali hukaribia mara 16. Maana yake ni kwamba adui wa lami si uzito wa jumla, bali ni uzito ulioelemea mahali pamoja.

Sasa tupige hesabu. Chukua transfoma ya tani 300 iliyowekwa juu ya trela zenye jumla ya mistari 32 ya ekseli, na tuseme trela hizo zenyewe zina tani 130. Jumla ni tani 430, na kila mstari unabeba tani 13 na kidogo. Lakini kila mstari wa trela hizi una matairi manane, kwa hiyo kila tairi linabeba takriban tani 1.7. Ekseli ya lori la kawaida yenye tani 10 na matairi manne inabebesha kila tairi tani 2.5. Ndiyo kusema lori linalopita mbele ya nyumba yako kila asubuhi huenda linaiumiza lami kuliko msafara ule uliofungiwa barabara usiku kucha.

Daraja halihesabu hivyo. Barabara huuliza kila tairi limebeba nini; daraja huuliza vyote vilivyo juu yake kwa wakati mmoja vina uzito gani, na vimekaa wapi. Ukiweka mzigo katikati ya boriti iliyoegemea ncha zake mbili, nguvu inayoipinda boriti ni mara mbili ya ile ambayo ingetokea kama mzigo uleule ungetandazwa sawasawa urefu wote. Hii ndiyo sababu trela za mizigo mizito zinarefushwa: si kwa ajili ya matairi peke yake, bali ili sehemu ya uzito iwe bado haijaingia darajani, au iwe imeshatoka, wakati sehemu nyingine inapita katikati. Wakati mwingine mtambo huning'inizwa kati ya trela mbili kwa fremu ndefu za chuma, trela moja mbele na nyingine nyuma, na kwa daraja fupi ni kama magari mawili tofauti yanayopita kwa zamu.

Kabla ya kuimarisha chochote, mhandisi mwaminifu hutafuta kwanza nguvu iliyokwisha kuwepo. Kanuni za usanifu wa madaraja za Marekani, kwa mfano, huongeza asilimia 33 kwenye uzito wa lori kwa ajili ya mtikisiko, kwa kuwa gari linalokwenda kasi huruka-ruka na kulipiga daraja. Msafara ukitembea kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo haipo. Daraja likifungwa kwa magari mengine, uzito wa foleni ambayo msanifu aliuhesabu haupo. Trela ikipita katikati kabisa ya sakafu, boriti zote zinagawana mzigo badala ya boriti ya pembeni kuelemewa peke yake. Na dereva akikatazwa kubadili gia, kuongeza mwendo au kufunga breki akiwa juu ya daraja, zile nguvu za kusukuma mbele na nyuma zinapungua sana. Nimeona madaraja ambayo kwa mahesabu ya kwanza yalikataliwa, kisha yakakubalika kwa masharti haya manne bila kuongezwa hata boliti moja. Masharti hayo ni sehemu ya nguvu ya daraja siku hiyo. Atakayeyavunja ni sawa na aliyeng'oa nguzo.

Nguvu iliyopo isipotosha, ndipo tunafika kwenye ujenzi. Nitaendelea hapo chini nikishapumzika kidogo.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, ahsante kwa maelezo haya. Mimi si mhandisi, lakini nina swali ambalo huenda wengi wanalo. Kama daraja ni dhaifu, kwa nini wasiweke tu nguzo chini yake, katikati, kwa siku hiyo moja? Gharama yake haiwezi kuwa kubwa.

Mleta mada:

Swali lako ni zuri sana, na jibu lake limewahi kuwagharimu watu. Boriti ya zege iliyoegemea ncha mbili hupinda kuelekea chini, upande wa chini unavutwa na upande wa juu unabanwa. Zege huvumilia kubanwa lakini halivumilii kuvutwa, kwa hiyo nondo nene ziliwekwa upande wa chini. Sasa weka nguzo ngumu katikati. Mzigo ukipita, boriti inajaribu kushuka pande zote mbili za nguzo hiyo, na pale juu ya nguzo inapinda kinyume: upande wa juu ndio unaovutwa, mahali ambapo msanifu hakuweka nondo za kutosha. Nyufa zitatokea juu, chini ya lami, ambako hakuna atakayeziona mpaka maji ya mvua yaanze kuila nondo. Umelisaidia daraja kwa usiku mmoja na kulipunguzia miaka.

Nguzo za muda hutumika, na hutumika sana, lakini huachiwa nafasi ndogo iliyopigiwa hesabu, ili boriti ishuke kwanza kadiri inavyoruhusiwa ndipo iikute nguzo. Au huwekewa jeki za haidroliki zinazosukuma kwa nguvu iliyopangwa na si zaidi. Halafu kuna suala la chini. Nguzo inayosimama kwenye tope la mto haibebi kitu mpaka tope lenyewe libonyee, na likibonyea hesabu yote imebadilika. Mara nyingi kazi ya kuandaa msingi wa nguzo za muda ni kubwa kuliko nguzo zenyewe, na kama mto umejaa haiwezekani kabisa.

Ndiyo maana kwa madaraja mafupi mimi hupendelea daraja juu ya daraja. Boriti za chuma hulazwa juu ya sakafu iliyopo bila kuigusa, zikaegemea ardhi ngumu nyuma ya kuta za mwisho, yaani zile zinazoshika ncha za daraja kwenye kingo, na mzigo ukapita juu yake. Daraja la zamani halijui hata kama kuna kitu kimepita. Tahadhari ni moja: uzito huo sasa unakandamiza udongo ulio nyuma ya ukuta wa mwisho, na udongo uliokandamizwa husukuma ukuta kuelekea mtoni. Usipousogeza mwegemeo nyuma vya kutosha, utaokoa sakafu na kuuangusha ukuta.

Kwa makalvati na mabomba yaliyozikwa, njia ni nyepesi zaidi: mabamba mazito ya chuma hutandazwa juu, au tabaka la udongo na kokoto huongezwa ili uzito usambae kabla ya kufika chini. Kalvati si tatizo gumu likijulikana. Hatari iko kwenye lile ambalo halimo kwenye ramani yoyote, lililojengwa miaka mingi iliyopita na kufunikwa na nyasi. Hilo hulipati ofisini. Hulipati mpaka utembee njia nzima kwa miguu, na ninasema kwa miguu kwa makusudi.

Mchangiaji wa pili:

Naomba mleta mada atueleze pia kuhusu kimo na upana, kwa sababu nadhani ajali nyingi zinatokea huko. Je, kibali kikishatolewa, si maana yake serikali imeshahakikisha kwamba njia inapitika?

Mleta mada:

Ndugu, hapo umegusa kidonda. Tarehe 23 Mei 2013, katika jimbo la Washington, Marekani, lori lililobeba mzigo mrefu kwenda juu liliingia kwenye daraja la barabara kuu ya I-5 juu ya mto Skagit. Daraja lile lilijengwa mwaka 1955, na lilikuwa la fremu ya chuma inayofunika barabara kwa juu kama mbavu. Mbavu hizo hazikuwa bapa bali zilipinda kama upinde: katikati ya barabara kimo kilikuwa kikubwa, lakini kwenye njia ya pembeni kilipungua kwa karibu mita moja. Mzigo ungeweza kupita katikati. Ulipita pembeni, ukazigonga mbavu moja baada ya nyingine, na kipande kizima cha daraja kikaanguka mtoni pamoja na magari mawili. Watu watatu waliumia, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Kibali kilikuwepo. Gari la kusindikiza lilikuwepo mbele, tena lenye mti wa kupimia kimo. Ila kwa taratibu za pale, wajibu wa kuthibitisha kwamba mzigo unapita chini ya kila daraja ulikuwa wa msafirishaji, na dereva wa gari la kusindikiza alikuwa akizungumza kwa simu.

Ninaitaja ajali hii katika kila mafunzo ninayotoa kwa sababu inakusanya mambo mengi mahali pamoja. Kwanza, kimo cha daraja si tarakimu moja. Kinategemea umepita njia ipi. Pili, mti wa kupimia hausaidii kitu kama gari lililoubeba liko karibu mno na mzigo, au kama anayeutazama macho na akili yake viko kwingine. Tatu, daraja lile lilikuwa la aina ambayo kiungo kimoja kikivunjika hakuna kingine cha kushika nafasi yake. Hiyo ya tatu ni habari ambayo mwenye daraja anaijua na dereva hawezi kuijua, na ndiyo maana ninaamini kwamba mwenye barabara hawezi kutoa kibali kisha akanawa mikono.

Na kuhusu tarakimu zilizoandikwa kwenye vibao, niwaambieni yaliyonipata. Katika moja ya njia nilizokagua, kibao kilisema kimo ni mita tano na nusu, na hati za barabara zilisema hivyohivyo. Tulipopima, tukakuta pungufu kwa sentimita 14. Hakuna aliyedanganya. Barabara iliwekewa lami mpya mara mbili tangu kibao kile kisimikwe, kila tabaka likainua barabara, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha kibao. Mzigo wetu ulikuwa umeachiwa nafasi ya sentimita 10. Tungeufikisha pale usiku, na watu wote wamechoka, ndipo tungegundua. Tangu siku hiyo sikubali kimo ambacho sikukipima mwenyewe, tena kwa kila njia ya daraja, na baada ya kuuliza kama kuna ukarabati unaotarajiwa kabla ya safari.

Upana na urefu vina dawa nyingi, na nyingi ni za kawaida kabisa zikiandaliwa mapema. Vibao vya barabarani huwekwa kwenye soketi ili ving'olewe na kurudishwa kwa dakika chache. Nguzo za taa huwekewa bawaba chini ili zilazwe. Kipilefti hukatwa njia ya lami katikati, hufungwa kwa vizuizi siku za kawaida na kufunguliwa msafara unapokuja. Kona za ndani hujazwa kokoto zilizoshindiliwa ili magurudumu ya nyuma yakanyage pasipo barabara. Nyaya za umeme huinuliwa au kuzikwa. Kwa mabawa ya mitambo ya upepo kuna gari linaloshika bawa kwenye shina lake na kuliinua ncha ikielekea juu, hadi nyuzi 60 hivi, ili lipite kwenye kona za milimani bila kukata miti. Bila shaka hapo upepo mkali ukivuma safari inasimama.

Watu husahau mteremko wa upande. Barabara yoyote imelazwa upande kidogo ili maji yatoke, na kwenye kona imelazwa zaidi. Mzigo wenye kimo kikubwa juu ya trela iliyoinama hivyo huhamishia uzito wake upande wa chini, na ukipita mpaka fulani unapinduka bila onyo. Trela za kisasa zina suspensheni ya haidroliki ambayo mitungi yake imeunganishwa kwa makundi, ili kila ekseli katika kundi ibebe sawa hata barabara ikiwa na mashimo, na mwendeshaji anaweza kuinua upande mmoja ili kitanda kibaki bapa. Ila mitungi hiyo ina mwisho wake, kwa kawaida takriban sentimita 60 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Tuta, mgongo wa daraja la zamani au makutano ya reli vikiwa na mwinuko mkali kuliko huo, hakuna teknolojia itakayosaidia isipokuwa kuchonga barabara.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi nina mashaka. Haya yote yanaonekana kuwa gharama kubwa kwa ajili ya mzigo mmoja utakaopita mara moja. Kwa nini umma ufungiwe barabara, miti ikatwe na madaraja yabadilishwe kwa faida ya kiwanda cha mtu? Na je, haipo njia ya kuepuka barabara kabisa?

Mleta mada:

Mashaka yako ni ya haki, nami ninayaheshimu. Nitaanza na swali la pili.

Njia ya maji, pale inapowezekana, karibu siku zote ni bora. Mwaka 2006, nchini Ujerumani, tangi la chuma la tani 200, lenye kipenyo cha mita 10 na urefu wa zaidi ya mita 23, lilitakiwa kutoka kiwandani Deggendorf kwenda taasisi ya utafiti Karlsruhe kwa ajili ya jaribio la kupima uzito wa chembe ndogo iitwayo nyutrino. Kwa barabara ni kama kilomita 400 tu. Hapakuwa na barabara inayoweza kulipitisha. Wakalipakia kwenye mto Danube, likashuka hadi Bahari Nyeusi, likazunguka Mediterania na Atlantiki, likapanda mto Rhine, safari ya karibu kilomita 9,000, ili mwishowe lipite barabarani kilomita saba tu. Na hizo saba zilitosha kuwatia watu jasho, maana tangi lilipita kati ya nyumba za kijiji kwa nafasi ya sentimita chache. Uingereza imeweka jambo hili kuwa sera: mzigo usiogawanyika ulio mkubwa sana unatakiwa kwanza uangaliwe kama unaweza kupita majini kabla ya kuombewa barabara.

Lakini maji hayafiki kila mahali, na mwisho wa safari ni nchi kavu. Hapo ndipo ninaporudi kwenye swali lako la kwanza, kwa mifano miwili inayotofautiana.

Mwezi Oktoba 2012 chombo cha anga Endeavour kilivutwa katika mitaa ya Los Angeles, kilomita 19 hivi, kutoka uwanja wa ndege hadi kwenye jumba la makumbusho. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 24. Takriban miti 400 ilikatwa, na wakazi walilalamika, tena kwa haki, hata kama waliahidiwa kwamba itapandwa mingine mingi zaidi. Jambo linalonivutia kitaalamu ni daraja lililo juu ya barabara kuu ya I-405. Trela zenye injini zilizokibeba chombo sehemu kubwa ya njia zilikuwa nzito mno kwa daraja hilo pamoja na mzigo wake, kwa hiyo chombo kilihamishiwa kwenye kitoroli chepesi na kuvutwa na gari dogo la kubebea mizigo mpaka ng'ambo. Ni kazi ya akili safi. Lakini msafara ulipomalizika, mji haukubaki na njia bora kuliko ile ya mwanzo. Ilikuwa safari moja, na kila kitu kilifanywa kwa ajili ya safari hiyo.

Linganisha na Ufaransa. Vipande vya ndege ya Airbus A380 vilikuwa vikubwa mno kwa barabara zilizokuwepo, kwa hiyo ilitengenezwa njia maalumu ya takriban kilomita 240 kutoka Langon hadi Toulouse, ambako vipande viliunganishwa. Vilipanda mto Garonne kwa mashua bapa, ambazo ziliisubiri hali ya maji iruhusu kupita chini ya matao ya daraja la kale la mawe la Bordeaux, kisha vikaendelea barabarani usiku. Barabara zilipanuliwa, miji kadhaa ikajengewa njia za kuizunguka, na katika kijiji cha Lévignac vipande vilipita karibu kabisa na madirisha ya watu. Uzalishaji wa ndege hiyo umekoma tangu mwaka 2021, lakini barabara zilizopanuliwa na michepuko ile bado inatumiwa na watu wa pale.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Alberta, Kanada. Huko zimetengwa barabara zijulikanazo kama ushoroba wa mizigo mirefu, ambamo nyaya zimeinuliwa ili mzigo wa kimo cha mita tisa upite bila kuita mafundi wa umeme kila mara, na wanaopitisha mizigo hiyo hutozwa ada ya kurudisha gharama. Hili linakujibu moja kwa moja: si lazima umma ulipe. Januari 2019 mnara wa kiwanda cha kemikali wenye tani zipatazo 820 na urefu wa mita 96 ulisafirishwa kutoka Edmonton hadi eneo la viwanda lililo karibu na Fort Saskatchewan kwa siku nne, na watu wakasimama kando ya barabara kuutazama.

Kuhusu haki ya wanaoishi njiani, nakubaliana nawe kabisa. Mwaka 2013, huko Idaho, Marekani, watu wa kabila la Nez Perce waliizuia mizigo mikubwa iliyokuwa ikipita barabara namba 12, kando ya mito wanayoithamini sana, na mahakama ikaamuru njia hiyo ifungwe kwa mizigo ya aina hiyo. Njia ilikuwa imepimwa vizuri upande wa lami na madaraja. Hawakuulizwa watu. Mimi nahesabu hilo kuwa kosa la ukaguzi, sawa na kukosea kimo.

Mchangiaji wa nne:

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni dereva wa magari mazito, na ninathibitisha habari ya breki juu ya daraja. Swali langu: madaraja yanazeeka. Daraja lililokubali mzigo miaka kumi iliyopita, tunajuaje kwamba litakubali tena?

Mleta mada:

Ndugu yangu, nimefurahi kumpata dereva humu, kwa sababu mahesabu yetu yote yanaishia mikononi mwako.

Hatujui mpaka tuangalie upya. Chuma huchoka kwa kupindwa na kunyooshwa mara mamilioni, na uchovu huo huanzia kwenye nyufa ndogo kwenye viungio vya kuchomelea. Zege hupenyezwa chumvi na maji mpaka nondo ziote kutu, zivimbe na kulipasua. Mwezi Desemba 2021, nchini Ujerumani, daraja refu la Rahmede katika barabara kuu ya A45, lililokuwa likitumika tangu miaka ya 1960, lilikutwa limepinda na likafungwa kwa magari yote. Mei 2023 likalipuliwa ili lijengwe jipya. Halikuwa limeanguka wala kugongwa. Lilikuwa limebeba malori mengi na mazito kuliko yale lililosanifiwa. Kilichotokea baadaye ndicho kinachonihusu: viwanda vya eneo lile, ambavyo vilizoea kupitisha bidhaa zao nzito pale, vilijikuta vikitegemea barabara ndogo za milimani.

Kwa hiyo kibali cha zamani ni ushahidi, lakini si ruhusa. Ninapokuta daraja lenye mashaka, huomba lipimwe likiwa linapitiwa. Kabla ya safari tunapitisha magari yenye uzito unaojulikana, hatua kwa hatua, na vipimo vilivyowekwa chini ya boriti vinasoma imeshuka milimita ngapi. Kama uzito ukiongezeka mara mbili na boriti ikashuka mara mbili, kisha ikarudi ilikokuwa, daraja linazungumza lugha tunayoielewa. Kama haikurudi yote, kuna kitu kimejongea, na msafara haupiti hata kama meli inadai ada ya kusubiri kwa kila saa. Usiku wa safari yenyewe vipimo hivyo huachwa mahali pake, na mtu mmoja, ambaye hana kazi nyingine yoyote, huvisoma na kushika redio.

Nawe dereva, redio yako iwe kwenye wimbi la mtu huyo. Akisema simama ukiwa bado hujaingia darajani, simama. Akisema hivyo ukiwa tayari juu, utafanya kile mlichokubaliana mchana, ama kuendelea kwa mwendo uleule au kusimama pale ulipo na kurudi nyuma taratibu. Uamuzi huo hufanywa mbele ya mchoro wa daraja lile, boriti kwa boriti, na dereva akiwepo mezani. Msipoitwa kwenye kikao hicho, dai kuitwa. Na wakikataa, usiwashe gari.